Sufuria Iliyovuka Mnazi Mmoja

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
3 Machi 2025

Kwa mwanangu Fortunata,

Mimi Elisaria, baba yako, nina miaka sabini na tisa. Nimewazika ndugu zangu wote wa kiume. Nimemzika mama yako Severa. Wenye nyumba watatu wa jengo hili wamekuja wakaondoka, duka langu la sufuria limebaki. Nimepanga foleni ya sukari na sabuni enzi zile, nimeliona soko likiungua nimesimama na ndoo mkononi, na mwaka juzi daktari alisema moyo wangu umechoka. Leo yeye kastaafu, mimi bado nafungua duka. Nakuambia haya ujue anayekuandikia si mtu wa kuyumbishwa.

Salamu sana. Mimi mzima, ni goti la kushoto tu. Wewe hujambo? Mwili umerudi? Mtoto hajambo?

Habari zako nimezipata kwa Awadhi muuza kahawa. Yule asubuhi yuko kwenu Posta, mchana yuko huku, birika moja habari mia. Kaniambia, "Mzee, hongera, umepata mjukuu wa kike." Nikamjibu najua, na wakati sijui. Nikanywa vikombe viwili asije akaona nimeshtuka.

Neno langu unalifahamu. Mlipofunga ndoa bomani kimya kimya, bila pombe ya mbege, bila mbuzi, bila mtu hata mmoja kuja kuniambia "mzee tunaomba," nilisema mbele ya mtaa mzima kwamba sitavuka Mnazi Mmoja kwenda nyumbani kwa Jaimin, na kwenye simu sauti yangu hutaisikia. Ndiyo maana ukipiga naiangalia inalia mpaka inachoka yenyewe. Lakini kuandika sikukataza. Nilisoma kisomo cha watu wazima nikapewa cheti, na mwalimu alisema herufi zangu ni kubwa kuliko za darasa zima.

Sasa sikia. Mnyonyeshe huyo mtoto. Mama yako alikunyonyesha hapa hapa dukani, nyuma ya rundo la masufuria ya shughuli, mteja anauliza bei, yeye anajibu, wewe unavuta. Ndiyo maana una kichwa cha hesabu.

Chakula sina wasiwasi nacho. Kwetu Machame mzazi analishwa na mama mkwe miezi mitatu, jikoni haingii, na mimi baba mtu nikileta chungu changu pale nimemtukana mwenye haki yake. Mama Jaimin namwona kila siku kwenye duka lao la viungo hapa ng'ambo ya barabara. Tangu mambo yenu salamu ananipunja, lakini mchoyo wa chakula si yeye. Kula, ushibe, unenepe.

Mtoto anafanana na nani?

Ni mimi baba yako,
Elisaria

*

Posta
8 Machi 2025

Shikamoo baba yangu,

Natumaini hujambo na goti linaendelea vizuri. Usisahau kulipaka dawa. Sisi huku hatujambo.

Barua yako imefika na doa la kahawa pembeni. Niliinusa kabla sijaisoma. Inanuka duka, baba, yale makaratasi na alumini mpya. Nilikaa nayo usoni mpaka mtoto akaniamsha.

Anaitwa Khushi. Jina katoa shangazi yake Bijal, kwao Wagujarati ndivyo ilivyo, shangazi ndiye anayempa mtoto jina. La pili nimeliacha wazi. Umeuliza anafanana na nani. Masikio ni yako. Yamesimama hivyo hivyo kama anasikiliza watu wanaomsema.

Nakula vizuri, usijali. Maziwa bado yanakuja kidogo kidogo. Nesi wa kliniki anasema nimweke mtoto kifuani mara nyingi, yatakuja tu, na nisimpe kitu kingine miezi sita, hata maji.

Baba, ni kuvuka Mnazi Mmoja tu. Nikisimama kwenye roshani naiona miti yake, na nyuma yake mapaa ya Kariakoo. Nikiona moshi huko najiambia labda ni mtaa wetu. Wewe ukitoka nje ya duka ukitazama huku, ghorofa letu unaliona? Ni lile lenye nguo nyingi ndogo zimeanikwa.

Mwanao,
Fortunata

*

Kariakoo
12 Machi 2025

Kwa mwanangu Fortunata,

Salamu nyingi. Mimi mzima kama chuma. Mtoto anaendeleaje?

Habari ya masikio nimeisoma mara nyingi. Nilimwonyesha Awadhi, akasema hajui kusoma, nikamsomea. Masikio haya ni ya ukoo, babu yangu alikuwa nayo, aliweza kusikia mtu anakata mkungu wa ndizi kihamba cha pili, shamba la jirani.

Umeandika maziwa kidogo. Hilo naijua dawa yake, ni mtori. Labda Mama Jaimin kwa kuwa si wa kwetu hajui kuupika. Mwambie hivi: anachukua ndizi, anachukua nyama, anatia maji, anachemsha, anaponda. Basi. Ni chakula rahisi, mimi nimekula miaka yote sijaona ugumu wake.

Nakuletea sufuria kwa mkono wa Awadhi, ya alumini nzito, ile ninayowauzia wenye hoteli. Mpe mama mkwe wako apikie. Nusu ya wali wa Dar es Salaam umeiva kwenye sufuria zangu, na mtori wa mjukuu wangu uive humo humo.

Kuhusu kuvuka, usinijaribu. Neno langu nimekwambia.

Ghorofa nimeliona. Nilitoka nje kwa sababu nyingine kabisa, nikaliona.

Ni mimi baba yako,
Elisaria

*

Posta
27 Machi 2025

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hatujambo, kwa maana kwamba tunapumua.

Sufuria imefika. Awadhi alinikabidhi mlangoni, nikaifunua haraka haraka nikidhani kuna kitu ndani. Hakikuwepo kitu. Nilikaa chini pale pale nikalia. Awadhi wa watu hakujua aondoke au abaki, akanimiminia kahawa, nikaikataa, akainywa mwenyewe.

Nimeipatia kazi. Nachemshia chupa za mtoto.

Ndiyo, chupa. Nimeamua kumpa maziwa ya kopo.

Niliposema nakula vizuri nilikudanganya. Jaimin yuko Tunduma, mzigo wao umekwama mpakani, kila jioni anapiga anauliza umekula, nasema ndiyo. Nakula mkate na chai ya rangi. Mama Jaimin huwa anakuja. Analeta papai, anakaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni, anamtazama mtoto kwa macho ya kumtaka, jikoni hagusi, anaaga. Sijui nimemkosea nini.

Titi la kulia limechanika. Mtoto akilishika naona nyota. Nesi alinionyesha namna ya kumweka, na pale kwa nesi anashika vizuri kabisa, nikifika nyumbani nasinzia, anateleza, analia, na mimi nalia. Jirani wa chini anasema maziwa yangu mepesi kama maji ya mchele. Mwingine anasema yameingia baridi kwa sababu nilitoka kichwa wazi. Kila mtu ana lake la kusema, wa kunishikia mtoto nioge hayupo. Akinywa ya kopo analala, na mimi nalala. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine kubwa.

Nilitaka kumnyonyesha, baba. Nilitaka sana. Hata sasa akilia chumba cha pili nguo inalowa, kidogo tu, kama mwili unanikumbusha.

Umeniandikia mama alininyonyesha nyuma ya masufuria. Hukuandika ni nani aliyekuwa anampikia. Kanga yake ya bluu ninayo. Nikimfunika nayo Khushi anatulia, sijui ni harufu gani iliyobaki humo miaka yote hii, mimi siisikii tena. Natamani ningeisikia mara moja.

Kama jibu lako ni kunigombeza, usijibu.

Mwanao,
Fortunata

*

Kariakoo
28 Machi 2025

Kwa mwanangu Fortunata,

Salamu. Leo sitaandika habari za goti.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaiweka mfukoni, nikavuka barabara bila kuangalia bodaboda, na mmoja akanitukana, sikumjibu, ujue ilivyokuwa. Devendra mkweo alikuwa kaunta anapima iliki. Akasema, "Mzee Elisaria! Leo umepotea njia?" Nikamwambia sikukujia wewe, niitie mkeo.

Mama Jaimin akatoka nyuma anajifuta mikono. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nayajua makali, nimefanya biashara Kariakoo miaka arobaini na zaidi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Hatimaye! Umekuja kuniambia siku?"

Nikasema, "Siku gani?"

"Siku ya kumchukua binti yako."

"Nimchukue nimpeleke wapi?"

"Kwako, mzee! Kwetu binti akizaa mtoto wa kwanza anakaa kwa wazazi wake mwezi na zaidi. Analala, ananyonyesha, analishwa. Mama yake hayupo, Mungu amrehemu, lakini wewe upo na nyumba ipo. Namngoja umchukue tangu ametoka hospitali. Nikitia mkono jikoni mwake mimi, utasema mimi Kamla nilikunyang'anya binti, sasa nimekunyang'anya na uzazi wake. Si ndivyo ungesema?"

Ndivyo ningesema. Sikumwambia.

Nikamwambia, "Mama Jaimin, kwetu sisi mzazi ni wa mama mkwe. Ni haki yake hiyo, anaingojea tangu mwanawe anaoa. Nikileta chakula mimi nimekuita mchoyo mbele ya watu. Nilikuheshimu, ndiyo maana nikakaa kimya."

Tukatazamana. Devendra akaacha iliki yake. Akasema, "Yaani wewe unamngoja yeye, na yeye anakungoja wewe. Mtoto wa watu anakula nini?"

Nikasema, "Mkate."

"Mkate na nini?"

"Na chai ya rangi."

Mama Jaimin akashika kichwa kwa mikono miwili. Akapanda kistuli, akashusha debe, akalifungua mbele yangu. Ladu zimejaa, vile vidonge vyao vitamu, za uwatu na tangawizi na samli na sukari guru, amezitengeneza tangu wiki uliyojifungua. Alikuwa ananiwekea mimi, siku nikija kukuchukua nipite nazo. "Na wewe umempelekea nini?" akaniuliza. Nikasema sufuria. "Ya nini?" Nikasema tupu. "Tupu?" Nikasema tupu, nilitaka wewe uijaze. Devendra alicheka mpaka iliki ikamwagika, na mimi sijapenda alivyocheka.

Umeuliza nani alikuwa anampikia mama yako. Ni mama yangu. Alishuka kutoka Machame na mikungu ya ndizi kwenye buti la basi, akakaa chumbani kwetu mpaka ulipoanza kukaza shingo. Alikuwa anakuchukua ukishanyonya, mama yako analala. Mimi nilikuwa mbele nauza. Chakula kilikuwa kinakuja tu, nikadhani chakula kinakuja chenyewe.

Sasa Mama Jaimin anakuja kwako leo hii na debe lake na godoro. Mfungulie. Yeye nyama haigusi, hata sufuria iliyopikiwa nyama hashiki, kwa hiyo mtori ni juu yangu. Tumegawana kazi. Yeye anashika mtoto na wewe unalala, mimi napika. Nimeshapika. Wa kwanza nilitia ndizi za mzuzu, ukawa mtamu kama sharubati, nikaumwaga kabla mtu wa Machame hajapita. Wa pili niliunguza. Wa tatu Awadhi ameula na yuko hai. Wa nne ndio huu anaokuletea Awadhi.

Kuhusu kopo sikugombezi. Kula kwanza, lala kwanza. Ukitaka kumrudisha kifuani, mrudishe. Usipoweza, mjukuu wangu ni mjukuu wangu. Hapo nilifuta nikaandika tena, ndiyo maana karatasi imetoboka.

Ni mimi baba yako,
Elisaria

*

Posta
7 Aprili 2025

Shikamoo baba,

Hujambo? Sisi hatujambo, na leo naandika kweli.

Mama Jaimin alipofika na godoro kichwani mwa mpagazi, nilidhani kuna msiba. Alimpokea Khushi mikononi mwangu akasema, "Lala." Nikalala. Nilipoamka jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili, na mtoto alikuwa kifuani kwake anasikiliza hadithi ya Kigujarati. Akanipa ladu na maziwa ya moto, akaniinua kiwiko akakiwekea mto, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mimi, akasema kwa Kiswahili chake kile, "Usimfuate wewe. Mlete yeye." Akashika. Kidogo, akaacha. Tena. Akashika.

Mtori wako unakuja kila siku. Una chumvi nyingi, baba. Naumaliza. Mama anamlazimisha Awadhi aiweke sufuria roshani na afunge mlango, halafu ananiita, "Chakula cha baba kimefika!" huku ameshika pua.

Sijui kama yatarudi yote. Nesi anasema niendelee, ya kopo nipunguze taratibu. Kwa siku bado nampa chupa mbili tatu. Titi limepona. Siku nyingine anavuta vizuri mpaka anahema, siku nyingine analikataa, anajikunja, nami moyo unaanguka. Jaimin amerudi. Ananiletea maji kila nikikaa kunyonyesha, na anataka kuja kwako na mbege, ila hajui inauzwa wapi na anaogopa kukuuliza.

Arobaini imetoka. Jumapili hii ya Matawi, saa kumi jioni, tutakaa Mnazi Mmoja kwenye benchi la upande wetu. Ulisema hutavuka kuja kwa Jaimin. Hukusema hutafika katikati. Fika mpaka hapo, mimi nitasimama nikuletee umwone, halafu kila mtu atarudi kwake na neno lako litakuwa zima.

Nimekumiss, baba.

Mwanao,
Fortunata

*

Kariakoo
14 Aprili 2025

Kwa mjukuu wangu,

Salamu. Shikamoo yako sijaipata kwa kuwa hujui kusema, lakini nimeshaitikia marahaba, ukikua usiniambie hukunisalimia.

Barua hii nimemwambia mama yako akuwekee, kwa sababu tangu jana Kariakoo nzima inasema Mzee Elisaria amevunja neno lake. Nataka upate habari kutoka kwa mwenyewe.

Jana nilitoka kanisani na tawi langu, nikapika mtori, chumvi nimepima kwa kijiko kidogo. Saa kumi nilikuwa Mnazi Mmoja. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, viatu vizito kwa tope. Nilibeba sufuria mwenyewe, imefungwa kwa kitambaa, ya moto. Nikafika katikati, nikasimama. Katikati naijua mimi, nimepita pale miaka yote.

Nikawaona. Baba yako amesimama na mwavuli, bibi yako Kamla ameshika mkoba, na mama yako kwenye benchi amejifunika kanga ya bluu. Kanga ile niliinunua mimi, nilimletea bibi yako Severa wiki aliyomzaa mama yako. Sikuwa nimeiona tangu tumemzika. Nilitaka kukaa chini, na chini ni tope.

Nikangoja mama yako ainuke, tulivyokubaliana. Hakuinuka. Akaniona, akanyanyua mkono mmoja, basi. Nikasema moyoni, huyu naye ana kiburi, kakipata wapi. Nikanyanyua tawi. Akanyanyua mkono tena, ule ule mmoja. Sufuria inaniunguza. Nikamwona Kamla anacheka na kulia.

Ndipo upepo ukapiga ile kanga, nikaona kisigino chako. Kidogo hivi. Kinakanyaga hewa taratibu, kama mtu anayeendesha cherehani. Ulikuwa unanyonya. Siku zile ulikuwa unashika na kuacha, na jana ulishika hukuacha, na mama yako aliogopa hata kupumua vibaya. Asingesimama kwa mtu yeyote. Asingesimama hata kwangu mimi.

Nikapaona pale nyuma ya masufuria, dukani kwangu, mteja anauliza bei. Severa naye alikuwa ananinyanyulia mkono mmoja hivyo hivyo, nisubiri.

Nikavuka.

Sasa wanaosema nimevunja neno wasikilize. Nilisema sitavuka kwenda nyumbani kwa Jaimin. Benchi si nyumba. Na aliyekuwa hawezi kusogea ulikuwa wewe, na mtu aliye kazini unamfuata alipo. Nilikaa pembeni, ukamaliza kwa wakati wako. Maziwa yalikuwa mdomoni na shavuni. Mama yako akakuweka mikononi mwangu, na baba yako akaikamata sufuria, akaungua, hakuiachia, hilo nimeliona. Nikainama kwenye sikio lako, ambalo ni langu, nikakuita jina la pili. Severa. Mama yako akasema ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yangu tangu mwaka jana. Akasema niseme tena. Nikasema tena.

Halafu nikarudi Kariakoo, kwa sababu neno la nyumba bado lipo mpaka baba yako alete mbege. Nimemwelekeza inakouzwa. Nimemwambia asichelewe, mimi nina miaka sabini na tisa. Jana nilikaa mlangoni mpaka taa za ghorofa lenu zikawaka, nikazitazama, nikafunga duka.

Haya yote yalikuwa hivyo hivyo nilivyoandika. Asiyeamini amuulize Kamla, bibi yako, aliyeshika mkoba. Amuulize Devendra, ambaye hakuwepo lakini ameambiwa na anacheka tangu jana. Amuulize Awadhi, aliyepita na birika akatumiminia kahawa, hakudai kitu. Na wote wakikataa, wewe mwenyewe ulikuwepo.

Ni mimi babu yako,
Elisaria